Wapenda Simu na Magari ya Kasi, Ulizeni Jumla Kwanza

Nianze na hili ili tusisumbuane: sijaja kukuambia uache kupenda vitu vizuri. Ushauri wa pesa hapa kwetu una tabia moja. Ukisema unatamani simu mpya, unaambiwa ununue ng'ombe wa maziwa. Ukisema unatamani gari linalonguruma, unaambiwa utafute ploti Kitengela. Ng'ombe ni mzuri, ploti pia ni nzuri, lakini kuna watu waliozaliwa na roho ya mashine, na hata ukiwapa huyo ng'ombe watamfunga kifaa cha kufuatilia mwendo shingoni. Leo naongea na hao.

Mnajijua. Asubuhi unaamshwa na saa inayotetemeka mkononi, inakuambia umelala masaa matano na kwamba usingizi haukuwa mzuri, kana kwamba wewe mwenyewe hukujua. Kando ya kitanda kuna chaja tatu na pawabenki. Ukiingia kwenye gari, redio ya zamani ilishatolewa, pale sasa kuna skrini kubwa kama dirisha la kiosk. Kamera ya dashibodi inarekodi. Chini ya usukani umechomeka kile kifaa kidogo kinachosoma kompyuta ya injini, kwa hivyo simu inakuonyesha joto la maji, presha ya turbo na mafuta yanavyokwenda. Jumapili asubuhi mko kwenye kituo fulani cha mafuta, boneti ziko juu, na mazungumzo ni ya rimu na ekzosti.

Mtu kama huyo ukimuamsha usiku wa manane atakutajia RAM ya simu yake, betri ni milliamp ngapi, injini ni sisi ngapi na turbo inaanza kuingia kwenye mzunguko wa ngapi. Anapenda nambari. Ndiyo maana inanishangaza kwamba kuna nambari moja ambayo wengi wao hawaijui kabisa: jumla ya pesa watakazokuwa wamelipa siku hicho kitu kitakapokuwa chao kamili.

Shilingi 75 si bei

Nilisomea uuzaji chuo kikuu, kwa hivyo nitakuambia kitu ambacho sisi watu wa uuzaji tunakijua vizuri. Mwaka 1998 mtafiti mmoja wa Chuo Kikuu cha Harvard, John Gourville, aliandika kuhusu kinachotokea bei ikikatwakatwa kuwa ya kila siku. Jambo lenyewe ni rahisi. Ukimwambia mtu shilingi elfu thelathini, akili yake inaenda kwenye vitu vya elfu thelathini: kodi ya nyumba, karo, tanki la maji. Ukimwambia shilingi 75 kwa siku, akili inaenda kwenye chai na mandazi. Kitu ni kile kile, pesa ni zile zile, lakini anakilinganisha na kitu tofauti kabisa. Tunafundishwa hili darasani. Linaulizwa kwenye mtihani.

Sasa chukua simu na ufanye hesabu nami. Nambari hizi ni za mfano tu, lakini zinafanana na zile unazoona kwenye mabango. Simu inauzwa shilingi 18,000 ukilipa pesa taslimu. Kwa mkopo unaweka amana ya 3,000, halafu 75 kila siku kwa mwaka mmoja. 75 mara 365 ni 27,375. Ongeza amana, umefika 30,375. Umelipa 12,375 zaidi ya aliyenunua kwa taslimu. Na kumbuka ulichokopeshwa si 18,000, ni 15,000, kwa sababu 3,000 ulitoa mwenyewe siku ya kwanza. Hiyo 12,375 ni karibu asilimia 83 ya ulichokopa. Hakuna mtu anayeweza kuandika asilimia 83 kwenye bango pale Luthuli Avenue na bado auze. Lakini 75 kwa siku inauza, na foleni inakuwa ndefu.

Hapa lazima niwe mwaminifu kwa upande wa pili. Malipo ya kila siku hayakuzaliwa kama ujanja. M-Pesa ilipoanza mwaka 2007 ilifungua mlango ambao haukuwepo: ghafla mtu angeweza kutuma pesa kutoka Bomet bila kupanda matatu kuja mjini. Miaka michache baadaye, mwaka 2012, M-KOPA wakaanza kuuza mitambo midogo ya sola hapa Kenya kwa malipo ya kila siku. Na pale, bei ya siku ilikuwa na maana kamili, kwa sababu ile familia tayari ilikuwa inanunua mafuta ya taa kila siku. Taa ya sola ilichukua nafasi ya matumizi yaliyokuwepo. Mama aliweza kuweka pesa ya mafuta ya taa upande huu na pesa ya sola upande ule, akaona ipi ni nafuu.

Swali ambalo ningependa ujiulize dukani ni hilo hilo. Hii 75 ya simu mpya inachukua nafasi ya 75 gani? Kama wewe ni mwendesha boda na hiyo simu ndiyo itakupa wateja wa apu, jibu lipo, na huenda ni jibu zuri sana. Kama tayari una simu inayofanya kazi na unataka tu kamera bora, basi haichukui nafasi ya kitu chochote. Ni tundu jipya mfukoni. Unaweza kuamua kulitoboa, ni pesa yako, lakini usijidanganye kwamba ni chai na mandazi.

Kuna jamaa anayeendesha teksi ya apu aliyenibeba mwaka jana usiku kutoka mjini kwenda Roysambu. Simu yake ilikuwa ya malipo ya kila siku. Duka alikoinunua halina haja ya kutajwa. Siku hiyo pesa yote aliweka mafuta, akasema atalipia simu akimaliza safari. Ilipofika saa sita ya usiku, tuko juu ya Thika Road, ramani ikapotea. Skrini ikabaki na ujumbe mmoja: lipa ufunguliwe. Hakuweza kuona njia, hakuweza kumaliza safari kwenye apu, hakuweza kupokea mteja mwingine. Ilibidi nimtumie nauli kwa nambari aliyonitajia kwa mdomo, nayo ilikuwa kwenye simu yake ya pili, kile kimulika mwizi cha vitufe, na kutoka hapo ndipo akalipia ile kubwa. Alicheka, lakini hakuwa anacheka. Aliniambia amebakiza miezi minne na ameshazoea.

Hilo kufuli si apu ya kawaida unayoweza kufuta. Limekaa chini kabisa ya mfumo wa simu, na mara nyingi hata ukiirudisha simu kwenye hali ya kiwandani linabaki pale pale. Muuzaji anapaswa kukuambia hivyo kabla hujaweka kidole, na wewe unapaswa kuuliza maswali mawili zaidi: nikichelewa siku moja, simu inafungwa saa ngapi? Na nikipata pesa mapema nikalipa deni lote, nitapunguziwa au nitalipa jumla ile ile? Hilo la pili linawashtua wauzaji wengi. Liulize hata hivyo.

Malipo yasiyouma

Sisi katika biashara hii ya malipo ya simu tumetumia miaka mingi kuondoa kila usumbufu kati yako na kulipa. Zamani ulihesabu noti. Uliziona zikipungua, ulihisi pochi ikiwa nyembamba. Sasa ni nambari nne na mlio. Nafurahia hilo, sitaki turudi kwenye foleni ya benki. Lakini kuna utafiti wa mwaka 2001 wa Drazen Prelec na Duncan Simester wa chuo cha MIT huko Marekani, ambapo wanafunzi waliulizwa wangelipa pesa ngapi kwa tikiti za mpira wa kikapu. Waliotarajia kulipa kwa kadi walikuwa tayari kutoa pesa nyingi zaidi, hadi mara mbili ya wale waliotarajia kulipa taslimu. Tikiti ni zile zile. Kilichobadilika ni namna ya kulipa.

Mpenda vyombo ndiye anayeumia zaidi hapa, kwa sababu vyombo vyake vyenyewe vinalipia vitu bila kumuuliza. Nafasi ya kuhifadhi picha, muziki, filamu, apu ya mazoezi, usajili wa kifaa cha kufuatilia gari. Kila mmoja ni mdogo na mingine inakatwa kwa dola, kwa hivyo shilingi ikiyumba, bei inapanda na hakuna mtu amekuandikia barua. Fungua taarifa ya matumizi ya miezi mitatu iliyopita na utafute vitu vinavyojirudia. Dakika kumi zinatosha. Sitalisema zaidi.

Gari, sasa, hilo ni jambo lingine, na hapo nataka tukae kidogo.

Turbo inakula wakati wewe umelala

Upendo wa Wakenya kwa Subaru hauhitaji kuelezwa sana. Wazee wetu walisimama kando ya barabara za vumbi wakimwona Patrick Njiru akipita. Colin McRae alishinda Safari Rally kwa Impreza mwaka 1997, Richard Burns akashinda kwa Impreza mwaka 2000. Watoto waliokuwa wakichapa makofi pale Naivasha na Kajiado ndio leo wana mishahara, na yale magari yanafika Mombasa kutoka Japani yakiwa na umri usiozidi miaka minane, bei imeshuka. Mtu wa miaka ishirini na saba anaweza kabisa kupata Forester ya turbo. Swali ni kama anaweza kukaa nayo.

Bei ya kununua ni sehemu ndogo ya hadithi. Tuseme unaendesha kilomita 40 kwa siku, kazini na kurudi, siku 22 kwa mwezi. Tuseme lita ya petroli ni shilingi 180. Bei halisi unaijua, kwa sababu EPRA huitangaza tarehe 14 ya kila mwezi na wewe huisubiri kama matokeo ya mtihani. Turbo yako kwenye msongamano wa Nairobi inakupa, tuseme, kilomita 8 kwa lita. Hiyo ni lita 5, shilingi 900 kwa siku, 19,800 kwa mwezi. Jirani yako mwenye kigari cha sisi 1300 anapata kilomita 14 kwa lita na analipa kama 11,300. Tofauti ni karibu 8,500 kwa mwezi, zaidi ya laki moja kwa mwaka, na bado hakuna kilichoharibika.

Halafu vitu vinaharibika. Nyingi ya injini hizi za EJ, zile wanazozipenda vijana kwa mlio wake, zinatumia belti ya taimingi. Gari linapofika kutoka Japani likiwa limekimbia kilomita laki moja hivi, belti hiyo iko karibu na mwisho wake, na mara nyingi huna karatasi yoyote ya kuonyesha kama ilibadilishwa. Ikikatika kwenye injini ya turbo, vali zinakutana na pistoni, na hapo hutengenezi injini, unatafuta injini. Fundi mzuri atakuambia ubadilishe belti, tensheni na pampu ya maji kwa pamoja, kwa sababu kazi ya kufungua ni ile ile. Kuna oili ya sintetiki, ambayo turbo haisamehe ukiichelewesha. Kuna pedi za breki. Kuna tairi, na tairi za gari la kasi si za kuokota Kirinyaga Road bila kuangalia tarehe yake.

Nina rafiki ambaye amelipatia dawa jambo hili, na ndiye mtu aliyenifanya niandike makala hii. Kila jioni akizima gari anaangalia kilomita alizotembea, anazidisha kwa shilingi 10, na kiasi hicho anakihamishia kwenye akiba ya simu kabla hajafungua mlango. Akienda 40 anaweka 400. Akienda Nakuru na kurudi anaweka zaidi ya elfu tatu, na anaiona safari hiyo ilimgharimu nini hasa. Kwa siku 22 za kazi anakusanya 8,800 kwa mwezi. Fundi akisema belti, yeye anafungua simu na kulipa. Hakopi.

Angalia alichofanya. Amechukua ujanja ule ule wa bei ya kila siku, ule unaotuuzia simu kwa asilimia 83, na ameugeuza ufanye kazi upande wake. Mia nne haiumi. Ndiyo hiyo hiyo saikolojia. Na kwa sababu ni mtu wa nambari, anafurahia kuifanya. Ana hadi chati yake. Shilingi 10 ni kiasi chake yeye, gari lako laweza kuhitaji 7 au 15, lakini anza na kitu.

Na kuhusu kasi yenyewe, kwa kuwa tunapenda hesabu. Nairobi Expressway, Mlolongo hadi Westlands, ni kilomita 27, na kikomo cha kasi ni 80. Kwa kasi hiyo unatumia dakika 20 hivi. Ukivunja sheria ukaenda 120 mwanzo hadi mwisho, unatumia dakika 13 na nusu. Umeokoa dakika saba, ambazo utazimalizia kwenye msongamano wa Westlands ukiwa umezima muziki kwa hasira. Lakini nguvu ya upepo unaopambana na gari hupanda kwa mraba wa kasi: kasi ikiongezeka mara moja na nusu, upepo unakupinga mara 2.25. Hiyo inalipwa na tanki lako. Sijasema chochote kuhusu faini, wala kuhusu yule mtu aliye na familia kwenye leni ya pembeni.

Jambo moja wapenda kasi wengi hawaliulizi: ukibadilisha injini, ekzosti au rimu, mwambie wakala wako wa bima na upate jibu kwa maandishi. Marekebisho ambayo hayakutajwa yanaweza kuipa kampuni sababu ya kukataa dai lako, na wewe ulikuwa ukilipa kila mwezi kwa uaminifu.

Logbuku si kadi ya ATM

Mtu akishindwa na gharama hizo, mara nyingi haliuzi gari. Analikopea. Mkopo wa logbuku unapatikana haraka, wakati mwingine siku hiyo hiyo, pesa zinaingia kwenye simu. Mfano: unakopa 300,000 kwa miezi 12, riba asilimia 4 kwa mwezi. Asilimia 4 inasikika kama kitu kidogo. Kama ni riba ya moja kwa moja, unalipa 12,000 za riba kila mwezi juu ya 25,000 za deni, jumla 37,000, na mwisho wa mwaka umerudisha 444,000. Hata mwezi wa kumi na moja, ukiwa umebakiza deni dogo sana, bado unatozwa riba kana kwamba unadaiwa laki tatu nzima. Ndiyo sababu neno la kuuliza ni moja: riba hii inahesabiwa juu ya deni la mwanzo au juu ya deni lililobaki? Zikiwa asilimia 4 kwa karatasi mbili tofauti, jibu la swali hilo linaweza kuwa tofauti ya makumi ya maelfu.

Na wale wanaoweka mafuta kwa mkopo mdogo wa kujazia salio, mkijiambia mtalipa mshahara ukiingia: mafuta yanaisha Alhamisi, ada inaendelea.

Haraka ndiyo pia inayowapa matapeli kazi. Tangazo la gari lenye bei ya chini kuliko soko, muuzaji anasema liko bandarini na kuna mtu mwingine anakuja kesho, tuma elfu ishirini lishikiliwe. Hilo la "mtu mwingine anakuja kesho" ndilo kiini chote. Gari lenye nambari za usajili unaweza kulitafuta kwenye huduma za NTSA kupitia eCitizen na kuona limeandikishwa kwa jina la nani, kwa mamia machache ya shilingi. Lisilo na nambari, linganisha chesi na karatasi za kuingizia nchini, ukiwa umesimama mbele ya gari lenyewe. Na unapotuma, soma jina linalotokea kabla ya kuthibitisha. Ukiambiwa kampuni na jina ni la mtu binafsi, usiweke PIN. Siku hizi mtu anaweza kutuma hadi shilingi 250,000 kwa muamala mmoja, na kosa la sekunde tano linaweza kuwa kubwa hivyo.

Tunachopaswa kufanya sisi

Si haki nikikulaumu wewe peke yako. Maoni yangu, na najua yatawaudhi wenzangu kadhaa wa uuzaji, ni kwamba popote panapoandikwa bei ya kwa siku, jumla iandikwe kando yake, kwa herufi za ukubwa ule ule. Kwenye bango, kwenye ujumbe mfupi, na kwenye ile skrini ya mwisho kabla ya PIN. "Utalipa 75 leo. Umeshalipa 9,000. Umebakiza 21,375." Sentensi tatu. Teknolojia ya kufanya hivyo ipo. Mfumo tayari unajua nambari zote hizo, vinginevyo usingejua lini ufungue simu.

Wapo watakaosema itapunguza mauzo. Huenda. Itapunguza mauzo kwa wale ambao wangeshindwa kulipa mwezi wa tano, simu ikafungwa, amana ikapotea, na jina la kampuni likawa tusi mtaani. Tangu kanuni za mwaka 2022, Benki Kuu inawapa leseni wakopeshaji wa kidijitali, na mteja ana haki ya kuelezwa gharama ya mkopo. Lakini maelezo yaliyo kwenye ukurasa wa kumi na mbili wa masharti si maelezo. Mtu anayejua kusoma presha ya turbo anaweza kusoma jumla. Mwonyeshe tu.

Kuna gharama moja ambayo haimo kwenye hesabu zote nilizofanya hapo juu. Simu ya mkopo ikinyakuliwa dirishani pale kwenye msongamano wa Globe, mwizi anaondoka na simu lakini deni anakuachia. Uliza siku ya kununua kama kuna bima na inalipa nini hasa; kupasuka kwa kioo na kuibiwa ni vitu viwili tofauti. Weka PIN kwenye laini yenyewe, si kwenye simu tu, maana mwizi mjanja huchomoa laini na kuitia kwenye simu nyingine kabla hujafika nyumbani. Usiende na nambari ya siri ya pesa iliyo sawa na ile ya kufungua skrini. Na polisi watakapokuuliza IMEI, zile nambari 15 za utambulisho wa simu, hutaweza kuzisoma kwenye simu ambayo huna. Piga *#06# sasa hivi, zitatokea zenyewe, mbili kama simu ni ya laini mbili. Ziandike kwenye karatasi, uiweke karatasi hiyo nyumbani pamoja na logbuku.